Karani Aliyenyamaza

Jumamosi, 7 Machi

Mvua ya kwanza na msimu mpya wa *Bila Marudio* vimekuja siku moja, kama vilivyopatana. Kazi yangu ni hii: kila Jumamosi jioni natazama kipindi hicho cha vichekesho, kinachorushwa moja kwa moja, hakuna kukata wala kurudia, na kesho yake naandika uhakiki wa gazeti. Safu yangu haina jina la mwandishi. Mhariri alitaka iwe hivyo, kwa sababu nyota wa kipindi ni kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu, na mimi ni kitinda mimba. Tunaojua ni sisi na mkewe, basi. Sijawahi kumpendelea. Mwenyewe husema kalamu yangu haijui undugu.

Kaka anaigiza Karani, mtu wa nyuma ya dirisha la ofisi, mwenye miwani na mhuri, ambaye tangu aajiriwe hajamhudumia mtu hata mmoja. Leo kaja mwanamke anataka hati ya kuthibitisha kwamba yu hai, maana benki inasema amekufa. Karani kafungua jalada. "Hapa umefariki tangu mwezi wa tano. Marehemu tunawahudumia Alhamisi." Nimecheka peke yangu sebuleni. Kisha Kaka akanyamaza. Akamtazama yule binti anayemwigiza mwanamke muda mrefu mno, mpaka nikasogeza kiti. Halafu akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli: "Hivi, wewe ni nani?"

Ukumbi haukukalika kwa kicheko.

Jumapili, 8 Machi

Nimepeleka uhakiki. Nanakili hapa sehemu niliyoipenda, maana usipojisifu mwenyewe nani atakusifu: "Wachekeshaji wetu wanaogopa kunyamaza kama watoto wanavyoogopa giza. Karani haogopi tena. Alinyamaza mpaka sisi tuliokuwa nyumbani tukaanza kujiuliza kama na sisi tu hai. Msimu huu tumepata msanii mpya ndani ya mzee tunayemjua."

Jumanne, 10 Machi

Gazeti limetoka. Mhariri anasema watu wanauzungumzia uhakiki. Mvua.

Jumapili, 15 Machi

Sifa zangu zimefika. Jana waandishi wa kipindi walimwekea Kaka kimya makusudi, na yeye akaongeza vingine vyake. Watu wakacheka kila mara.

Kinachoniudhi ni yule binti anayeigiza naye. Kaka akinyamaza, yeye hampi nafasi. "Kwa hiyo unasema mhuri umefungiwa kabatini? Na ufunguo anao bosi? Na bosi yuko likizo?" Kaka anabaki kuitikia tu: "Yuko likizo." Anamlisha maneno kama mtoto uji. Mtu kakaa jukwaani miaka yote hiyo, leo anakuja msichana wa juzi kummalizia sentensi. Nimempa jina gazetini: Chiriku.

Jumatano, 18 Machi

Nimepita kwa Kaka nikitoka kazini. Wifi kanipokea getini, na geti lenyewe kalifungua nusu.

"Amelala, wifi."

"Jioni hii?"

"Kachoka. Njoo siku nyingine."

Nyuma ya bega lake nilimwona Kaka sebuleni, kasimama wima, kavaa viatu, anatazama ukuta. Nikamwita. Hakugeuka. Wifi akavuta geti taratibu, akaniambia nisije nikalowa, na mimi nilikuwa nimeshalowa. Nimerudi nimevimba kwa hasira. Sikatai, mume ni wake. Lakini kaka ni wangu, na nilimjua kabla yake. Tangu mwaka jana simu ya Kaka anapokea yeye, wageni anawachuja yeye. Huko ni kumtunza mtu au kumfuga?

Jumapili, 22 Machi

Hasira za Jumatano zimeniishia kwa Chiriku. Nimeandika kwamba anakanyaga maneno ya mwenzake kama mtu anayevuka chumba gizani, na kwamba kipindi hiki kina dirisha moja tu zuri na yeye ndiye pazia lake. Nilipomaliza nilijisikia vizuri.

Alhamisi, 26 Machi

Dari linavuja. Ndoo mbili, beseni moja.

Jumatatu, 30 Machi

Mhariri kanionyesha ujumbe wa wasomaji. Karibu wote wako upande wangu. Sasa watoto wa jirani wakigombana wanaitana Chiriku. Nasikia Mtayarishaji wa kipindi anafikiria kumhamishia kwenye vipande vya mwisho, vile vinavyotazamwa na walinzi peke yao. Nimefurahi. Kalamu bado inakata.

Jumapili, 5 Aprili

Jana Chiriku hakuwepo dirishani. Nafasi yake kapewa mwigizaji mrefu, anayetamka kila herufi na anayejua kungoja. Ndicho nilichotaka.

Alikuja na ombi la kubadilishiwa jina. Akasema maneno yake, akangoja. Kaka akanyamaza. Watu wakacheka. Mrefu akaendelea kungoja, kwa heshima zote. Kaka akachukua mhuri akagonga karatasi. Akagonga meza. Akageuza kiganja chake cha kushoto akakigonga, akakitazama, akakigonga tena. Watu walikuwa hoi. Kamera ikamsogelea usoni, na hapo mimi nikaacha kucheka, kwa sababu Kaka alikuwa hamtazami Mrefu. Alikuwa anatazama kando, pale Chiriku alipozoea kusimama, na macho yake yalikuwa yanamtafuta mtu.

Nimeandika kwamba kipande kilifana. Sikujua niandike nini kingine.

Jumanne, 7 Aprili

Wifi kaja kwangu. Tangu nihamie nyumba hii hajawahi kukanyaga hapa, na leo kaja kwenye mvua, bila mwavuli, viatu mkononi. Nikampa taulo. Nikampa chai. Hakuigusa.

"Wifi," kasema, "kaka yako anapotea."

Nikadhani ana mwanamke. Mungu anisamehe, hilo ndilo lililonijia.

"Anapotea akili. Daktari alituambia mwaka jana. Ni ugonjwa wa kusahau, na haurudi nyuma. Asubuhi nyingi yuko salama, anatania, anaimba bafuni. Jioni ndiyo inamchukua. Siku ile ulipokuja alikuwa ananiuliza mlango uko wapi, nao uko mbele yake."

Nilimwuliza kwa nini kila Jumamosi anamwachia aende kusimama mbele ya nchi nzima. Kasema ni Kaka aliyeomba. Alitaka msimu mmoja tu, huu, halafu atangaze mwenyewe kwamba anapumzika, aage watu kwa mdomo wake, atoke kwa miguu yake. "Alisema hataki wamkumbuke kama mgonjwa. Mwanamume mzima kanipigia magoti, wifi. Ningefanyaje?"

Kisha kanieleza habari ya Chiriku. Kaka alimwambia siri yule binti kabla msimu haujaanza, yeye peke yake kati ya wote wa kipindini. Wakakubaliana: Kaka akipotelewa, binti atamwuliza swali ambalo jibu lake limo ndani ya swali. Yeye aitikie tu. Kila Ijumaa binti alikuja nyumbani wakafanya mazoezi ya kupotea na kurudi. Akasemwa gazetini, akapewa jina la kejeli, mama yake mzazi akamwuliza kwa nini hana adabu kwa wazee. Hakumjibu mtu.

"Wewe ukamnyang'anya mkongojo," kasema Wifi. Hakusema kwa ukali. Afadhali angepiga kelele.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeandika."

Nikainuka nikasogeza ndoo chini ya tone, kwa sababu ni kweli. Mvua iliendelea kugonga mabati, matone yakaanguka ndooni, mpaka chai ikafanya utando juu. Alipoinuka kanishika mkono. "Mrudishe yule mtoto. Umemtoa kwa kalamu, mrudishe kwa kalamu."

Tangu mwaka jana nimemwona mlinzi wa gereza. Kumbe alikuwa anashika ukuta usianguke.

Jumatano, 8 Aprili

Nimeomba ruhusa kazini, nimetazama upya vipindi vyote vya msimu. Naandika hapa nilichokiona, kwa kuwa ni aibu yangu na lazima niitazame. Kaka anaponyamaza, Chiriku huegemea dirisha ili auone uso wake. Huhesabu kidogo, humwachia nafasi ajaribu mwenyewe. Akiona vidole vya Kaka vinaanza kuchezea kifungo cha shati, ndipo anauliza. Akishajibiwa, hurudi nyuma hatua moja, ili kicheko kiwe cha Kaka. Hakuna hata mara moja alipochukua kicheko. Na mimi ninalipwa kwa kuona.

Jumapili, 12 Aprili

Jana Wifi alimpigia simu Mtayarishaji kwamba Kaka ana mafua, hivyo dirisha likafungwa, wakaweka bango: KARANI YUKO CHAI. Hata bango lilichekesha.

Nimeandika uhakiki mzima kuhusu mtu mmoja. "Nilimwita Chiriku, na nilikosea. Nilidhani anajaza kimya kwa sababu anakiogopa. Nimerudia kutazama. Huyu ndiye anayekifanya kiwezekane. Dirisha bila yeye ni mbao na kioo. Arudishwe." Mhariri kanipigia: "Umeugua? Wiki tatu zilizopita ulitaka anyongwe." Nikamwambia mhakiki asiyeweza kujikosoa aende akauze nguo. Kacheka, kachapa.

Sikumwambia sababu. Kila nililoandika ni kweli, lakini si ukweli wote.

Jumapili, 19 Aprili

Chiriku karudi. Karani alikataa kumpa leseni ya kuvuka barabara. Kaka alipotea mara moja, karudi mara moja. Nilikuwa nimeshika mto kifuani kama mtoto.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimekwenda kwa Kaka asubuhi, saa zake nzuri. Safari hii geti lilifunguliwa lote. Nimemkuta barazani, kaketi na kikombe, miwani ya Karani puani.

"Karibu, marehemu," kasema. "Alhamisi ndiyo siku yenu."

Nikacheka, halafu nikalia, na sikuona sababu ya kuficha. Kaniachia nilie. Kisha kasema, "Mama alisema wewe utakuwa wa mwisho kujua kila kitu, kwa sababu unatazama sana na husikilizi." Sikumbuki Mama akisema hivyo. Inawezekana kalitunga papo hapo. Bado ana uwezo huo.

Nikamwuliza kama anaogopa.

"Kusahau siogopi. Nikishasahau nitakuwa sijui kama nimesahau. Ninachoogopa ni kusimama pale, watu wanacheka, na mimi simo. Wewe umewafundisha kwamba kimya changu ni ustadi. Sasa hata nikifa wima wataomba nirudie."

"Nisamehe, Kaka."

"Nikusamehe nini? Uliandika vizuri. Niliukata ule uhakiki wa kwanza, nikaubandika kabatini." Kanywa chai, kafikiri. "Niahidi jambo moja tu. Ikitokea siku nimesimama pale na simo, usiandike kwamba ni sanaa."

Nikaahidi. Kwenye kizingiti cha jikoni Wifi alikuwa anafuta sufuria ambayo ilikuwa imeshakauka.

Jumapili, 3 Mei

Salama.

Jumapili, 10 Mei

Salama, ila waandishi wanazidi kurefusha kimya. Kampuni ya sabuni imetengeneza tangazo la mtu anayenyamaza. Wiki iliyopita nilijaribu kuandika kwamba sasa kimya kimetosha, tumekichoka. Wasomaji wamenitukana.

Jumapili, 17 Mei

Salama kwa taabu. Chiriku aliuliza swali lilelile kwa namna tatu. Binti kakonda. Wifi anasema imebaki Jumamosi moja, na kwamba Kaka keshaandaa maneno ya kuaga, mafupi, anayasema kila asubuhi mbele ya kioo. Mvua imepungua. Naomba Mungu atupe hiyo moja tu.

Jumapili, 24 Mei, asubuhi

Jana mimi na Wifi tulikaa ukumbini, safu ya pili. Kaka alipanda jukwaani na suti ya Karani, akapigiwa makofi kabla hajakaa. Mpango ulikuwa hivi: Chiriku anakuja na fomu ya kumwomba Karani astaafu, Karani anaikataa kwa sababu haina mhuri, kisha anaugonga mwenyewe, anavua miwani, anageukia watu, anaaga.

Alianza kwa nguvu. Mzaha wa kwanza ulikuwa wake na hata mimi sikuujua: kamwambia Chiriku, "Wewe ulishakufa, acha kiherehere." Wifi akanibana mkono kwa furaha.

Kisha akanyamaza.

Chiriku akaegemea dirisha, akangoja. Akauliza: "Kwa hiyo fomu hii haina mhuri?" Kaka hakuitikia. Vicheko vikaanza nyuma. "Na mhuri unao wewe mwenyewe hapo mkononi?" Hakuitikia. Vicheko vikazidi. Kaka akautazama mhuri akauweka chini. Akavua miwani, nikasema moyoni, haya, sasa anaaga. Alitutazama wote, safu hadi safu. Alipita juu yangu. Alipita juu ya mkewe. Akasema, kwa sauti ambayo mara ya mwisho niliisikia tukiwa watoto, umeme umekatika na Mama hajarudi:

"Nataka kwenda nyumbani."

Watu walianguka vitini. Mwanamume aliye mbele yangu alipiga goti lake kwa kiganja, machozi yanamtoka. Kaka akasema tena. Wakacheka zaidi. Akasema mara ya tatu, kidevu kinatetemeka, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi, nasi tuliokaa tukawa hatumwoni tena.

Wifi alipenya katikati ya watu wanaoshangilia. Alipofika jukwaani Chiriku alikuwa ameshazunguka dirisha, kamshika Kaka mkono wa kulia, anamnong'oneza. Wifi akamshika wa kushoto. Wakatoka naye. Watu walidhani na mke ni sehemu ya mchezo, wakampigia makofi na yeye. Muziki ukapigwa. Njiani kwenda nje nilisikia mtu akimwambia mwenzake kwamba maisha yake yote hajaona kitu kizuri kama kile.

Asubuhi hii Mhariri kapiga simu. Anataka maneno mengi, ukurasa wa mbele. Keshapata na kichwa cha habari: kimya kikuu kuliko vyote. "Nchi nzima inalia kwa kicheko. Niandikie kitu cha kukumbukwa."

Nikampigia Wifi. Nilidhani atanikumbusha ahadi. Badala yake kasema, "Mwachie makofi yake. Keshatoka, hawajajua, wanampenda. Si ndicho alichotaka? Andika kwamba ni sanaa, wifi. Nakuomba." Yeye aliyeogopa nitaandika ukweli, leo ananiomba uongo, na siwezi kumlaumu. Na mimi nautaka.

Nakwenda kwao.

Jumapili, 24 Mei, alasiri

Nilimkuta kitandani, kaegemea mito miwili, kanyolewa. Wifi kakaa miguuni pake. Hakunijua mara moja. Nikasema mimi ni mdogo wake. "Wa mwisho," kasema, na nikashukuru.

Tukakaa. Nje kulikuwa na jua, la kwanza kwa wiki nyingi. Baada ya muda akauliza, "Jana tulikuwa na kipindi?"

"Tulikuwa nacho."

"Walicheka?"

Nikamtazama Wifi. Alikuwa anatazama shuka.

"Walicheka sana, Kaka. Walisimama."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kifundi, kama mtu anayepokea hesabu ya siku. Kisha akakunja uso.

"Nilisema nini?"

Hapo ningeweza kumpa mzaha wowote. Ninayo mingi, yote yake. Ningemwambia ule wa marehemu na Alhamisi, angefurahi, angelala. Wifi aliinua macho na nikaona ananiomba hivyo.

"Ulisema unataka kwenda nyumbani."

Alilifikiria neno hilo. Nimemwona akifikiria mizaha tangu nina miaka minne: huigeuza mdomoni kwanza bila sauti, anapima mwanzo wake na mwisho wake. Akaligeuza hivyo. Mara mbili.

"Hiyo haichekeshi," akasema.

"Haichekeshi, Kaka."

"Basi waambie."

Akafumba macho. Wifi akainuka, akaondoa vikombe kwenye meza ndogo iliyo karibu na dirisha, akaifuta kwa kiganja, akanivutia kiti. Nikakaa nikaanza kuandika.